Miili Saba Haichoki Siku Moja

Inspekta Melchior alimimina vidonge vya chaki juu ya kitambaa cheupe, akaanza kuvihesabu kumi kumi kwa ukingo wa rula.

"Unapoteza asubuhi yako," alisema Daktari Adolphe. "Chaki haikumuua mtu."

"Najua."

"Basi kwa nini unaihesabu?"

"Kwa sababu hakuna aliyeihesabu."

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 19 Aprili 1968, saa tatu ya asubuhi, katika dispensari ndogo ya Kanyosha, nje kidogo ya Bujumbura, kando ya barabara iendayo Ruziba. Siku mbili kabla, Odette Namegabe, mshonaji, mkimbizi kutoka Bukavu, alikuwa amefariki hospitalini mjini. Vidole vyake vya mikono vilikuwa baridi na vyeusi kama vya mtu aliyeungua. Daktari wa upasuaji aliandika kwamba mishipa yake ya damu ilikuwa imejifunga, na kwamba jambo hilo huletwa na dawa ya aina moja tu.

Dawa hiyo ilikuwa mbele ya Melchior, ndani ya chupa ya pili. Haikuwa na jina bado. Kiwanda cha Ulaya kilichoitengeneza kilikuwa kimeipa namba, kikaileta kwa Daktari Adolphe ili aijaribu kwa wagonjwa wa kipandauso, yale maumivu makali yanayoshika upande mmoja wa kichwa, na kumfanya mtu atapike na kuukimbia mwanga. Ilitokana na kuvu inayoota kwenye nafaka. Ilibana mishipa ya kichwa iliyovimba, na maumivu yakaisha. Ikizidi, ilibana na mishipa mingine.

Wanawake kumi na wanne wa Kanyosha walikubali kuijaribu. Saba walipewa dawa, saba walipewa chaki yenye umbo lile lile, ili ijulikane kama mtu anaponywa na dawa au anaponywa na matumaini. Kila Jumatatu kila mmoja alipewa vidonge sita, si zaidi. Daktari mwenyewe hakujua nani anapata nini. Orodha ilikuwa kwa muuguzi mmoja tu, Léoncie, na ufunguo wa kabati pia.

Odette alikuwa namba kumi na moja. Katika orodha, namba kumi na moja ni chaki.

Kwa sababu hiyo Léoncie alikuwa amelala katika kituo cha polisi siku mbili. Kesho, Jumamosi saa sita mchana, jalada lingefungwa, naye angepelekwa gerezani kwa kosa la kuua kwa sumu. Mpaka sasa hakukuwa na mtu mwingine wa kushtakiwa.

"Mia tano themanini," alisema Melchior. Aliandika, akairudisha chaki ndani ya chupa, akaimimina tena. "Nahesabu mara ya pili."

Mlango ulifunguliwa. Aliyeingia alikuwa Sébastien, msaidizi wa mwendesha mashtaka, kijana aliyesoma Ulaya, mwenye tai nyembamba. Alitazama rula, akatazama kitambaa.

"Inspekta, sasa tumekuwa wauza duka?"

"Mia tano themanini tena," alisema Melchior. "Nisaidie, Bwana Substitut. Léoncie alimuuaje huyu mama?"

"Tumeshayazungumza hayo."

"Niambie tena. Mimi ni mzee, nasikia vizuri mara ya pili."

Sébastien aliketi. "Tarehe 11 Machi, hapa kwenye baraza, mbele ya watu, Odette alilalamika kwamba anapewa dawa isiyofanya kazi. Alimwambia Léoncie kwamba anawapa dawa nzuri marafiki zake. Léoncie akamjibu, nanukuu ushahidi wa Scholastique: 'Dawa ya kweli utaipata, na siku utakayoipata utanyamaza.' Juma lililofuata, kadi ya Odette inaonyesha kwamba kila akimeza kidonge, kichwa kinapona. Nyumbani kwake, katika kopo la vifungo, tumekuta vidonge vitano vya dawa ya kweli. Mtu wa chaki amepataje dawa ya kweli? Kuna mkono mmoja tu."

"Léoncie alisema maneno yale?"

"Amekiri. Anasema alikuwa amechoka."

"Vizuri. Sasa, Daktari, vidonge sita kwa juma vinaua?"

"Haiwezekani," alisema Daktari. "Ingebidi ameze vitano, sita kwa siku, kwa majuma kadhaa."

"Yaani kama arobaini kwa juma. Kwenye chupa ya dawa palikuwa na elfu moja. Majuma kumi, watu saba, sita kila mmoja: mia nne na ishirini. Vimebaki mia tano themanini, na nyinyi wenyewe mlivihesabu juzi. Hakuna kilichopotea."

"Kwa sababu hakuiba kwenye chupa," alisema Sébastien, akitabasamu. "Aliwaibia wagonjwa. Wale saba wa dawa ya kweli aliwapa chaki, na dawa yao akampa Odette. Chupa inabaki sawa. Ni mwanamke mwenye akili."

"Hata mimi nilifikiri hivyo jana," alisema Melchior. "Lakini wale saba wangepewa chaki kutoka wapi? Kutoka chupa hii ya chaki. Basi chupa hii ingepungua. Nayo ilianza na elfu moja, ikatoa mia nne na ishirini, na ndani yake mna mia tano themanini. Kila kidonge cha chaki kilikwenda kwa mtu wa chaki."

Sébastien aliacha kutabasamu. "Anaweza kuwa alitengeneza chaki yake."

"Vidonge hivi vina alama ya kiwanda iliyogongwa pande zote mbili," alisema Daktari polepole. "Hapa Bujumbura hakuna mashine ya kufanya hivyo."

"Kwa hiyo Léoncie aligawa kama alivyoamriwa," alisema Melchior. "Wale saba walipokea dawa ya kweli mikononi mwao. Naomba kadi."

Daktari hakusogea. Kadi zilikuwa kazi yake yote. Kila mgonjwa alikuwa na yake: kijiti kimoja kichwa kikianza na kidonge kikimezwa, msalaba kikipona ndani ya saa moja, duara kisipopona. Hata asiyejua kusoma aliweza kuijaza.

"Kadi zitanisaidia nini mimi zikiingia mahakamani?" aliuliza. "Inspekta, nimeona watu wakijigonga kichwa ukutani. Nimeona mwalimu aliyeacha kazi. Mwaka huu kwa mara ya kwanza nina kitu cha kuwapa. Zikitoka hapa, kiwanda kitasema jaribio limechafuka, na dawa itarudi kabatini miaka mitano."

"Nitazisoma hapa hapa."

Alizipanga mezani, saba upande huu, saba upande ule. Alisoma kwa kidole. Kazi hiyo ilimchukua nusu saa, na Sébastien alivuta sigara mbili.

"Hawa saba wa dawa," alisema mwishowe. "Mwanzoni misalaba, misalaba, duara moja moja. Halafu maduara matupu mpaka mwisho."

"Nililiona hilo," alisema Daktari. "Ndilo lililonisikitisha. Mwili huizoea dawa. Dawa inachosha mwili, kisha haifanyi kazi tena. Nilikuwa nimeanza kuwaandikia kiwandani."

"Mwili wa namba moja ulichoka lini?"

Daktari aliinama. "Jumatatu, 18 Machi."

"Wa namba nne?"

"18 Machi."

"Wa namba tisa?"

Daktari aligeuza kadi zilizobaki moja baada ya nyingine, kisha akaziweka chini.

"Miili saba haichoki siku moja," alisema Melchior. "Walipewa dawa, ila hawakuimeza. Na siku ile ile waliyoacha kuimeza, Odette alianza kupona."

*

Scholastique, namba tisa, alikuwa anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, juu ya matete mbele ya nyumba yake. Alikuwa mama mnene wa miaka arobaini, aliyevuka kutoka Uvira wakati wa vita, na sasa alinunua samaki Ruziba na kuwauza hadi Gasenyi, upande wa pili wa mji. Jirani yake Adélaïde, Mrundi, mke wa karani, namba nne, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua samaki waliovunjika.

"Karibu, Bwana Inspekta," alisema Scholastique bila kuinuka. "Umekuja kutafuta ushahidi ingine? Ile ya kwanza imeshaisha nguvu?"

"Nimekuja kuuliza habari za kichwa chako."

"Kichwa yangu? Iko hapa, si unaiona? Bwana yangu ndiye alisahau yake."

Adélaïde alicheka. Melchior alingoja amalize, akatoa daftari.

"Jumatano, tarehe 20 Machi. Umechora kijiti, halafu duara."

"Kama nimechora, basi iliniuma."

"Ulimeza kidonge?"

"Kijiti ni kinini. Ndivyo walitufundisha." Aliita kinini, kama watu wa huko wanavyoita kidonge chochote.

"Na wewe, Mama Adélaïde? Wiki ile ile una maduara matatu. Ulimeza?"

Adélaïde alimtazama Scholastique kwanza, kisha akajibu: "Nilimeza."

Mtu anayekumbuka kichwa chake hana haja ya kumtazama jirani. Melchior alifunga daftari.

"Mama Scholastique, maduara uliyochora ni ya kweli?"

"Kabisa! Mi siwezi kusema kichwa imepona na haijapona. Nilikuwa nalala chini ya kitanda, unasikia? Chini! Sababu ya jua."

"Nakuamini. Na mwezi wa pili, kinini kilikuponya?"

"Kiliniponya."

"Basi kwa nini mtu mwenye dawa inayomponya alale chini ya kitanda?"

Scholastique aligeuza samaki ambao walikuwa wamekwisha geuzwa.

"Sikuja kuwakemea," alisema Melchior. "Liste ya Daktari, ile orodha yake, imefungwa, hakuna wa kufukuzwa. Nataka kujua kinini kilikwenda wapi."

"Sema tu," alisema Adélaïde kwa sauti ndogo. "Amekufa. Hatutamuletea matata tena."

Scholastique alifuta mikono kwenye kitenge chake.

"Ilikuwa nguo za Pasaka," alisema. "Nguo za koro, waimbaji wa kanisa. Ishirini na ine. Nani atazishona? Odette. Kanyosha yote, nani mwingine anajua kukata ile shingo? Na Odette kila siku amelala, anatapika, hataki kuona hata sindano. Siye tukaulizana kwenye kufua. Huyu anasema, mi kinini inaniponya. Huyu, mi pia. Odette anasema, mi apana, hata siku moja. Tukaangalia vichwa tu, tukajua. Tuko saba wenye dawa, na yeye hana."

"Mkafanya nini?"

"Unauliza? Kwetu mutu akiwa mugonjwa, kila nyumba inaleta. Mumoja kuni, mumoja chakula, mumoja maji. Siye tulileta kinini. Kila Jumatatu, tukitoka kwa Muganga, tunapita kwake, kila mutu anamwaga zake kwenye kopo. Alikataa! Alisema, na nyinyi? Mi nikamuambia, siye hatushone, siye tutalala tu, we shona."

"Zote sita?"

"Sasa utamupa mugonjwa nusu?"

"Alikuwa anazimeza namna gani?"

"Kichwa ikianza. Mwanzo mara moja kwa siku. Halafu ikawa inarudi, inarudi, hata mara tano. Kwenye kadi alichora sita tu, asijulikane. Tukasema, tuna bahati, ziko nyingi." Alisita. "Alimaliza nguo zote. Ile ya mwisho, alisema vidole vimekuwa baridi, hasikii sindano. Adélaïde akamushonea vifungo."

"Léoncie alijua?"

"Léoncie! Yeye angetupigia kelele. Yeye na ile sita yake, sita, sita, kila Jumatatu sita. Ndiye alimuua. Mi nilisikia kwa masikio yangu, na nitasema tena hata mbele ya juge, mahakamani."

Melchior alivuta kigoda kilichokuwa wazi, akakaa, ili asiwazungumzie kwa juu. Aliwaeleza kama daktari alivyomweleza: dawa inabana mishipa ya kichwa, ikizidi inabana ya mikono, ya miguu, ya moyo. Aliwaeleza kwamba ikimezwa kila siku, yenyewe huanza kukirudisha kichwa, na mgonjwa hutafuta nyingine.

Scholastique alikuwa wa kwanza kuelewa, naye alikataa.

"Sita zangu haziwezi kuua mutu. Mi nilizikunywa mwezi wa pili. Niko hapa."

"Sita zako haziui."

"Na za Adélaïde?"

"Haziui."

"Basi unaona!" Alianza kuhesabu kwa vidole vyenye magamba ya samaki. "Mi sita, Adélaïde sita, mama Prudence sita..." Alifika kidole cha nne, akapotea.

"Arobaini na mbili," alisema Adélaïde, aliyepata kusoma shule ya masista. Kisha akaacha samaki wote waanguke chini.

Barabarani lori lilipita kuelekea mjini, likiwa na mifuko ya muhogo.

"Nitaandika maelezo," alisema Melchior. "Wale saba wataweka sahihi au kidole. Ni haki yenu kukataa."

"Tukikataa?" aliuliza Scholastique.

"Kesho saa sita Léoncie anakwenda gerezani."

"Na tukikubali, nani anakwenda?"

"Sijui. Hamkukusudia. Nitaandika hivyo kwa herufi kubwa. Lakini anayeamua si mimi, na sitakudanganya."

"Unaweza kuandika jina yangu peke yake? Mi ndiye nilianza. Hawa wengine wana watoto wadogo."

"Siwezi. Sita zako haziui, umesema mwenyewe. Ukisimama peke yako, hakuna atakayeamini maelezo yako."

Alifikiri. Adélaïde alikuwa analia bila sauti, mikono yake ikiwa wazi juu ya magoti.

"Mi niliapa mbele ya yule kijana wa tai," alisema Scholastique. "Nilisema Léoncie ni muuaji."

"Ulisema uliyoyasikia, na kweli aliyasema."

"Acha kunifariji, Inspekta, hujui." Alisimama, akatandika gunia juu ya ndagala. "Andika. Mi nitakwenda kuwaita."

*

Jumamosi saa nne asubuhi Sébastien alisoma maelezo mara mbili. Yalikuwa kurasa tatu za Kifaransa, na chini sahihi nne na alama tatu za kidole. Pembeni palikuwa na kadi kumi na nne. Daktari Adolphe alikuwa amezileta mwenyewe bila kuitwa, pamoja na barua fupi isemayo kwamba matokeo yote tangu 18 Machi hayafai, na kwamba ataliarifu shirika la kiwanda hivyo hivyo.

"Watu saba," alisema Sébastien. "Unaniletea wauaji saba badala ya mmoja."

"Nakuletea watu saba waliotoa. Tafuta ni yupi kati yao aliyetoa kiasi cha kuua."

"Nitamwambia nini Procureur, mkuu wangu?"

"Mwambie ahesabu."

Sébastien alipitisha kidole kwenye ncha ya tai yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Nitaandika ni ajali," alisema. "Akikataa, atakataa mwenyewe." Alichukua kalamu akatia sahihi hati ya kumwachia mshtakiwa.

Léoncie alitolewa saa tano kasoro robo. Gauni lake jeupe la kazi lilikuwa na mikunjo ya siku tatu, na miguuni alikuwa na ndala za kuazima. Alisaini kitabu, akarudishiwa saa yake ya mkononi, akaivaa, akaitia ufunguo kabla ya kumwuliza mtu yeyote kitu. Melchior alimweleza habari yote hapo hapo kwenye korido, kwa maneno machache. Alisikiliza bila kumkatiza.

Nje wanawake saba walikuwa wamesimama kando ya ukuta. Scholastique alijitenga nao, akasogea mpaka hatua mbili mbele ya muuguzi.

"Mama Léoncie," alisema. "Ni mi nilikusemea."

"Najua. Nilikusikia kwenye mlango."

"Kama unataka kunipiga, nipige hapa, polisi wanaangalia, haitazidi."

Léoncie hakumpiga. "Kwa siku alikuwa anameza ngapi?" aliuliza.

"Tano. Mwisho hata sita, hata saba."

"Vidole vilianza lini?"

"Juma moja kabla ya Pasaka."

"Na hamukuja kuniambia."

"Tuliogopa utatutoa kwenye liste."

Léoncie aliwatazama wote, mmoja mmoja. "Na nyinyi? Ile mwezi yote, vichwa vyenu?"

"Vilituuma," alisema Adélaïde.

"Bila kitu?"

"Bila kitu."

Muuguzi aliinamisha uso. Melchior, aliyesimama mlangoni na jalada chini ya kwapa, alifikiri sasa atalia, lakini hakulia.

"Majuma kumi niliwaambia sita," alisema. "Kila Jumatatu, sita, sita, kama kasuku. Hata siku moja sikuwaambia kwa nini ni sita."

Scholastique alivuta kitenge mabegani, kama mtu anayesikia baridi.

"Na siye," alisema, "hatukuuliza."